Hita ya Bungu Iliyokwenda Handeni

Vijana wa yadi, mliponiletea ile saa ya ukutani na keki, mmoja wenu alisema, "Mzee Singano, andika basi hata kurasa chache, tujue mlivyokuwa mnauza pikapu enzi za kibali." Nikaitikia, maana mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa naandika. Mishahara siandiki, hamtaamini. Vyeo siandiki, havikuwa vingi. Nitaandika kazi. Na kwa kuwa nimeshastaafu na hakuna wa kunifukuza, nitaandika pia jambo ambalo pale yadi sikulitamka hata siku moja: miaka yangu mingi ya kazi nilikuwa namwonea wivu mtu mmoja, na mtu mwenyewe mnamtaja kila siku. Dereva wa Handeni akiona mshale wa joto unapanda, anamwambia utingo wake, "Fungulia Shekue." Wengi wenu mnadhani hilo ni jina la koki. Si koki. Ni mtu, na nilifanya naye kazi.

Nilianza mwaka uliofuata Uhuru. Kwetu ni Mnyuzi, baba alikuwa mkata mkonge, na mimi nilikuwa nimekwishachoka kuona miiba yake. Nikaja Korogwe, nikasimama mlangoni pa yadi ya magari iliyokuwa karibu na stesheni, nimevaa shati la kuazima lenye vifungo vitatu. Asubuhi hiyo hiyo akaja kijana mwingine kutoka Bungu, mlimani. Huyo alikuwa na ovaroli. Ovaroli yake mwenyewe, dada yake kamshonea kwa turubai la hema, mfuko mmoja mkubwa kifuani. Nikaitazama ile ovaroli nikamchukia papo hapo. Jina lake Shekue.

Aliyetupokea alikuwa Fundi Gurdev, Kalasinga aliyezaliwa nyuma ya stesheni hapo hapo Korogwe, Kiswahili chake safi kuliko cha Meneja. Akatuuliza, "Nani kati yenu anajua kufungua nati bila kuichubua?" Mimi nikasema, "Mimi, Fundi." Nilikuwa sijawahi kushika spana. Shekue akasema, "Mimi sijui, Fundi. Nifundishe." Basi Fundi akachukua spana akampa yeye. Mimi nikapewa ufagio. Kama mnataka kujua wivu wangu ulizaliwa lini, ulizaliwa kabla ya chai ya saa nne.

Ile spana ilitoka katika sanduku ambalo lazima niwaeleze. Lilikuwa la mbao ya mvule, na ndani yake Fundi alikuwa amechonga vitanda, kila spana na kitanda chake, kwa umbo lake kabisa. Jioni hakuwa anahesabu zana. Anafungua mfuniko, anatupa jicho mara moja, anafunga. Kitanda kikiwa kitupu kinajitangaza chenyewe. Nyie leo mna makabati ya chuma yenye kufuli, na kila wiki nasikia spana imepotea.

Kazi yenyewe tuliita kuvisha gari. Pikapu ilifika kwa treni kutoka Tanga ikiwa uchi: injini, kichwa cha kukalia dereva, sanduku la nyuma, basi. Mengine yote tulifunga sisi kwa jinsi mteja alivyotaka, na wateja walikuwa na matakwa! Karani mmoja wa shamba la mkonge alitaka honi mbili, moja ya barabarani, nyingine ya kumjulisha mkewe aweke chai mezani. Mkulima wa Mpale alituagiza tung'oe kiti cha abiria. Tulipomuuliza kwa nini, akasema, "Abiria ana maneno. Gunia halina." Mwingine alitaka mapazia kwenye kioo cha nyuma, ya maua, kwa gari la kubebea mbuzi. Fundi Gurdev hakumcheka mteja hata mmoja. Alikuwa akituambia, "Muulize analala wapi, anabeba nini, njia yake ikoje. Halafu ndiyo uchukue spana." Shekue alikuwa anauliza hayo yote. Mimi nilikuwa nachukua spana.

Sasa cha juu. Mwanzoni, kabla ya Azimio, Meneja alikuwa anatazama viatu vya mteja ndipo anataja bei. Baadaye kampuni ikawa ya umma, bei ya serikali ikabandikwa ukutani, na gari halinunuliwi bila kibali cha mkoa. Mtu anasubiri miaka. Kwenye bei ya ukutani huwezi kuongeza hata senti. Basi Meneja akabuni kitu alichokiita vifaa vya lazima. Bei ya gari haikuguswa. Kilichoguswa ni gari. Ukija na kibali chako unakuta pikapu imekwishafungwa redio isiyoshika kitu mpaka upande kilimani, mazulia ya sakafuni, taa za ukungu, na kile kiberiti cha sigara cha kwenye dashibodi. Mchungaji mmoja asiyevuta wala kunusa alilipia kiberiti hicho, na mtu aliyekwishasubiri miaka miwili hagombani kwa ajili ya kiberiti. Lawama zote si za Meneja peke yake. Vifaa hivyo vilifungwa na mikono hii, na vilifungwa vizuri.

Kulikuwa na kazi moja tamu: kukabidhi. Gari likishavishwa, mmoja wetu huliendesha mpaka nyumbani kwa mteja, anawaonyesha vifungo vyote, halafu analishwa. Shekue akienda kukabidhi anarudi na mkungu wa ndizi, asali kwenye kibuyu, kuku mzima. Mimi nikienda narudi na vumbi. Mteja akiingia yadi, mimi nipo mlangoni kabisa, atanisalimia vizuri, kisha atachungulia juu ya bega langu: "Shekue yupo?" Nilirukwa hivyo kama dimbwi. Jamani, roho iliniuma. Hata sukari ya chai naona yeye alikuwa anatiliwa zaidi, ingawa kwa hili sina ushahidi.

Basi ikafika siku Fundi Gurdev akatuambia kwamba mwisho wa mwaka anaondoka. Watoto wake walikuwa wamekwishatangulia ng'ambo, na mkewe hakutaka kubaki. Tulikuwa tumekaa kwenye matairi, tunakula mihogo. Akapigapiga mfuniko wa sanduku lake. "Hili halipandi ndege," akasema. "Nitaliacha hapa, na mwenye sanduku ndiye atakuwa mkubwa wa karakana na ndiye atakabidhi magari. Nitampa anayevisha gari kama ninavyovisha mimi."

Sikulala vizuri wiki nzima. Sitaki kuwadanganya: sanduku lile nililitaka kuliko nilivyomtaka mke wangu wakati namchumbia, na yeye anajua, maana nilimwambia. Nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wa Shekue. Nati ambayo yeye angeizungukia nusu saa mimi naitoa kwa dakika. Nikasema, safari hii haki itatendeka.

Wiki ile yakashuka magari mawili kwenye treni. Moja lilikuwa na kibali cha ushirika wa Bungu. Jingine lilikuwa la kijiji cha wafugaji huko Handeni, wale waliokuwa wamekusanywa wakae pamoja, wakapewa kibali cha pikapu ya kuchotea maji na kuletea dawa ya josho. Fundi akampa Shekue gari la Bungu, mimi akanipa la Handeni. Stoo kulikuwa na hita moja tu, ile ya kupuliza joto ndani ya gari, imekaa kwenye boksi lake tangu zamani. Watu wa Bungu walikuwa wameandika barua wakaiomba. Kule mlimani asubuhi ukungu unaziba kioo mpaka utingo ashuke atembee mbele ya gari akionyesha njia kwa kitambaa cheupe. Mpaka siku ile, hao ndio watu pekee walioomba hita kwa hiari yao.

Nikamwona Shekue anavyopanga gari lile. Anapiga mluzi. Anafuta kioo mara mbili. Nikajua anachokiona moyoni: anaingia Bungu kwa mama yake na wajomba zake, kwenye pikapu mpya, kichwani mna joto kama jikoni. Na Fundi anajua anakotoka, na sanduku linamwelekea. Nikaenda stoo. Nikamwambia mtunza stoo, "Nipe hita." Akauliza, "Ya Bungu?" Nikasema, "Ya Handeni," nikasaini. Kisha nikapita kwa Meneja nikamwambia, "Bwana Meneja, gari la Handeni halina hata kifaa kimoja cha lazima, nimelifungia hita." Meneja akacheka mpaka miwani ikashuka. "Hita! Handeni! Singano, sasa umeanza kukomaa."

Shekue alikuja na karatasi ya maagizo ya Bungu mkononi, akasimama mbele yangu. Nilikuwa chini ya dashibodi, nakaza.

"Singano, hita ya Bungu umeifunga Handeni?"

"Maagizo ya Meneja."

Akaikunja karatasi. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye kazi yake. Hakwenda kwa Meneja, hakwenda kwa Fundi. Ile "haya" yake iliniudhi kuliko angenitukana.

Alikabidhi gari la Bungu bila hita. Baadaye kondakta wa basi la huko akanisimulia kwamba mjomba wa Shekue alimwambia mbele ya watu, "Tuliomba kitu kimoja tu, mwanangu." Siku hiyo nilikula chakula cha mchana mara mbili.

Nikaja kukabidhi langu. Aliyetumwa kulipokea alikuwa Mzee Koinet, mkubwa wa kile kijiji, mrefu, shuka moja, fimbo moja, maneno machache. Sasa katika haraka yangu ya husuda nilikuwa nimekata kebo ya koki ya hita ikawa fupi, na kebo ikiwa fupi koki haifungi mpaka mwisho. Hilo nililijua tulipokuwa tumekwishavuka mto. Jua la saa saba, nyasi zimekauka pande zote, na miguuni petu hewa ya moto inatoka kama tumekalia jiko.

"Kijana," Mzee Koinet akasema, "gari hili linaumwa?"

"Haliumwi, mzee. Lina hita."

"Hita ndiyo nini?"

"Ni ya kuleta joto, mzee."

Akatazama nje dirishani muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Nyie watu wa Korogwe joto huwa mnalinunua?"

"Ni kifaa cha lazima, mzee."

"Lazima ya nani?"

Nikabadilisha gia. Tulifika nimelowa jasho mpaka wanawake wakadhani nimeoga na nguo. Wakanipa maziwa. Nikaonyesha vifungo vyote, nikarudi kwa lori la mkaa, na njiani nilijiambia kwamba hata hivyo nimeshinda.

Baada ya miezi michache ikaja taarifa kwamba gari la Handeni linachemka. Si ajabu. Walikuwa wanapakia mapipa ya maji na ndama juu yake, gia ndogo, kilima baada ya kilima. Meneja akasema niende, gari ni langu. Nikasema mgongo unauma. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Mzee Koinet na lile swali lake. Akaenda Shekue.

Yaliyotokea huko nimeyasikia kwa watu wengi, na kila mmoja ananisimulia kama vile mimi ndiye ninayehitaji sana kuyajua. Shekue alikuta rejeta inavuja. Alikuwa ndiyo kwanza ameiziba kwa muda, akisubiri gundi ikauke, wakaja mbio kumwita Mzee Koinet: mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa na uchungu siku ya pili, na mkunga amesema hapa pameshinda uwezo wake, apelekwe hospitali Korogwe. Wakamlaza nyuma juu ya ngozi na godoro, turubai juu, mama mkwe wake kamshika. Maji ya akiba yalikuwa galoni moja. Katikati ya njia mshale ukaanza kupanda. Ukisimamisha gari lipoe, ni saa nzima. Mama yule hakuwa na saa nzima.

Hapa sasa nawafundisha kazi, sikilizeni. Hita haina moto wake. Joto lake ni la injini. Maji ya moto yanapita ndani ya kitu kama rejeta ndogo pale miguuni, feni inapuliza, joto linaingia kichwani. Kwa hiyo ukiifungulia hita yote, umeipa injini rejeta ya pili ya kuipoza. Utaungua wewe, injini itapona. Shekue alikuwa hajafundishwa hilo na mtu. Alilifikiria hapo hapo, mshale ukiwa unagusa nyekundu. Akafungulia koki yote, feni mpaka mwisho, vioo vyote chini, akamwambia Mzee Koinet, "Vumilia, mzee, tutaiva sisi." Mshale ukasimama. Kisha ukashuka. Wakafika.

Wakati wanapita mbele ya yadi na honi yao, mimi na mgongo wangu tulikuwa getini tunakunywa chai. Nikamwona Shekue usukani, uso unatiririka jasho, ovaroli imemgandama. Mtoto akazaliwa alasiri ile ile, wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Wakampa majina yao, wakaongeza na la Shekue.

Kesho yake Mzee Koinet akaja yadi. Sote tulitoka, na Meneja pia. "Shikamoo mzee," tukasema. "Marahaba." Akasema, "Lile joto mlilotuuzia, nimekwishajua kazi yake. Nataka kujua nani aliliweka."

Fundi Gurdev akatazama chini. Meneja alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema ni yeye. Mimi nikarudi nyuma hatua moja, maana nilijua mtu mmoja pale anaweza kulisema lote, na alikuwa na haki.

"Ni Singano, mzee," Shekue akasema. "Yeye ndiye aliyeifunga."

Mzee Koinet akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakachinja ng'ombe kule kijijini, tukaitwa wote wawili, na mimi nikawekewa nyama ya heshima mbele ya wazee, Shekue kakaa pembeni yangu anatafuna mbavu kwa furaha zake. Angenisema, ningemchukia kwa raha. Hakunisema, ikabidi nimchukie kwa shida.

Siku ya kuondoka, Fundi Gurdev aliniita nyuma ya karakana.

"Hita ya Bungu nani aliisaini, Singano?"

"Mimi, Fundi."

"Uliifunga vizuri?"

"Kebo ilikuwa fupi."

"Najua. Shekue ameibadilisha." Akanipa mkono, akaniambia nimsalimie mama yangu Mnyuzi. Kisha akaenda akampa Shekue sanduku.

Wiki haikwisha, nikaiba spana moja. Ringi ya nusu inchi, ile inayotumika kuliko zote. Niliifunga kwenye gazeti nikaipeleka nyumbani, nikaiweka chini ya kitanda. Sikuihitaji, nilikuwa na yangu. Nilitaka tu kitanda kile kiwe kitupu. Nilitaka jioni afungue mfuniko aone hakustahili. Nikasubiri apige kelele, nikasubiri tupekuliwe, nikawa nimeandaa na kiapo kabisa.

Hakusema kitu. Na hakununua nyingine. Kitanda cha nusu inchi kikabaki kitupu mwaka huo na mwaka uliofuata na mingine yote. Mafundi wapya wakimuuliza, "Fundi, hii imepotea?" anajibu, "Ipo. Imeazimwa." Halafu, sikieni hii, anapohitaji nusu inchi anakuja kwangu. Kwangu! Anasimama pale pale aliposimama na karatasi ya hita. "Singano, niazime nusu inchi." Nampa yangu. Anaitumia, anaifuta, anairudisha na asante. Kwa miaka! Kuna siku nilitaka kumpigia magoti na kuna siku nilitaka kumpiga nayo kichwani.

Na ule ujuzi wake wa hita ukasambaa. Dereva mmoja akamwambia mwenziwe, wa maji akamwambia wa mahindi, mpaka wakaanza kuja wateja wenye vibali vyao wanaomba hita wenyewe, kwenda Handeni! Meneja akaagiza boksi zima. Kile kifaa cha lazima cha kipumbavu kuliko vyote kikawa kinagombewa. Jina likashika: fungulia Shekue, funga Shekue, Shekue yangu inavuja. Nikiwa nimelala chini ya gari naifunga kwa mikono yangu, mteja anainama ananiuliza, "Fundi, hiyo Shekue umeikaza vizuri?" Nimeikaza, bwana.

Shekue alitangulia kustaafu, akarudi Bungu kulima. Masika ya juzi habari ikaja kwamba amefariki. Mazishi sikuwahi, nilijiambia ni kazi, haikuwa kazi. Lakini siku ya kuanua tanga nikasema lazima niende. Nikachukua ile spana chini ya kitanda, nikaitia mfuko wa koti. Sikujua nitaifanyaje. Labda nitaiacha mahali waione, labda nitaitupa bondeni.

Wafugaji wa Handeni nao walikuwa wanakwenda, wakanipitia Korogwe. Walikuja na pikapu ile ile. Injini ya pili, milango ya gari jingine, hita ile ile ya kwanza. Usukani alikuwa yule mtoto wa hospitali, sasa mtu mzima mwenye ndevu, dereva wa kijiji. Babu yake Koinet alikwishafariki. "Shikamoo mzee Singano," akasema, "panda mbele. Babu alituambia wewe ndiye uliyetuwekea." Nikapanda.

Tulipoanza kuupanda mlima ukungu ukashuka. Kioo kikaziba. Baridi ya Bungu si mchezo, ilinipata kwenye magoti. Yule kijana akatabasamu, akanyoosha mkono chini ya dashibodi. "Leo tumpeleke kwao," akasema, akafungulia. Kioo kikaanza kutakata kutoka chini, polepole, njia ikaonekana. Hita ya Bungu ilikuwa inafika Bungu. Nikageuza uso dirishani.

Baada ya dua na chakula, wazee wakagawa vitu vya marehemu, shoka kwa huyu, redio kwa yule. Mama Zawadi, mjane wake, akatoka ndani na sanduku la mvule akalitua miguuni pangu. "Alisema hili lije kwako, shemeji. Alisema ulilitaka siku nyingi."

Nikafungua mfuniko. Zana zote zilikuwa zinang'aa kwa mafuta, kila moja kitandani pake. Na kile kitanda kitupu cha nusu inchi kilikuwa kimefutwa na kupakwa mafuta kama vingine, hakina hata vumbi.

Mama Zawadi akaona ninapotazama. "Hiyo moja uliiazima wewe," akasema. "Alinambia nisikudai."

Nikaitoa mfukoni, bado imo kwenye gazeti lake, nikalifungua. Nikailaza mahali pake mbele ya mjane na wajomba na watu wa Handeni, ikaingia bila kusukumwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikafunga mfuniko, nikajitwisha sanduku begani mpaka kwenye gari, lote, limetimia, langu, na njia nzima nilikuwa bado namwonea wivu.